Kosa ni la Mume Wangu, Anayehukumiwa ni Nesi

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Safu yako naisoma kila Jumamosi, na miaka yote nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, nikijiuliza mtu mzima anakosaje wa kumwambia shida yake mpaka aiandikie gazeti, na leo mcheka wenzake nimejifungia jikoni, maji ya chai yameshachemka mpaka yamekauka, nakuandikia wewe, kwa sababu kila mtu ninayeweza kumwambia jambo hili yumo ndani yake, na nikimwambia tu nitakuwa nimeshaamua. Nisaidie kabla kikao kijacho hakijafika, maana nikifika pale na ulimi huu nilionao sasa nitaangamiza mtu, sijui tu ni yupi.

Mimi na mume wangu tunaandika programu za kompyuta, kampuni moja, chumba kimoja, meza zetu zimetazamana. Kampuni inatengeneza mashine za joto za kulaza watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Wenzetu wanaunda lile sanduku la plastiki na hita yake, sisi tunaandika programu inayoiambia hita iwake lini na izime lini. Itabidi nikueleze kidogo programu inavyokaa, usinichoke, maana bila hapo hutaelewa kwa nini usingizi umenihama.

Programu nzuri haiandikwi kama jungu la shughuli ambalo kila anayepita anachovya mkono. Tunaigawa vipande vipande, na kila kipande kina mambo yake ya ndani ambayo wa nje haruhusiwi kuyagusa. Kwenye mashine yetu kuna kipande kinachomsimamia mtoto, na ndani yake imehifadhiwa namba ya joto lake. Hita ikitaka kulijua joto hilo haijichukulii, inauliza kwa njia iliyowekwa ya kuulizia, tunaiita geta, na geta inaijibu namba iliyopo. Waya uliobandikwa kwenye ngozi ya mtoto ukipima joto jipya, nao hauandiki wenyewe, unaikabidhi seta, na seta ndiyo bawabu: inaitazama namba, ikiridhika inaiweka ndani, isiporidhika inaikataa. Hiyo ndiyo heshima ya kazi yetu. Mume wangu alikuwa anaihubiri mpaka nyumbani, kabati lake huligusi, unamwomba akutolee, na tulipokuwa wachumba aliwahi kusema mbele ya wenzetu kwamba mimi ni kipande chenye geta tele na seta hakina, yaani kunisoma ruhusa ila kunibadilisha sahau, watu wakacheka mpaka wakashika meza, na mimi nikampenda palepale.

Seta ya joto aliiandika yeye. Wakati ule manesi walikuwa wanalalamika kwamba mtoto akijigeuza waya unatikisika na mashine inasoma vichekesho, mara digrii themanini, mara sifuri, kengele inalia na wodi nzima inaruka. Basi mume wangu akaweka sharti ndani ya seta: namba mpya ikipishana na ya zamani kwa zaidi ya nusu digrii, hizo ni kelele za waya, ikataliwe, ibaki ya zamani. Kengele zikanyamaza, manesi wakashukuru, bosi akatununulia keki. Kila mtu aliona hiyo ni akili, na mimi nikiwemo.

Sasa nisikilize. Wiki chache zilizopita, hospitali moja ambayo siitaji, asubuhi jua limeshatoka, nesi alimwinua mtoto kumbadilisha nepi na ule waya ukabanduka. Kabla hajaubandika akaitwa, mtoto wa kitanda cha pili amepaliwa, akakimbilia huko kama ambavyo yeyote angekimbilia, akarudi, akaubandika. Joto la hewani ambalo waya ulilisoma seta ililikataa, na namba iliyobaki ndani ya mashine ilikuwa thelathini na sita nukta moja, chini kidogo ya inayotakiwa, kwa hiyo muda wote huo hita ilikuwa inawaka. Waya uliporudi kwenye ngozi, mtoto alikuwa ameshapanda kupita ile nusu digrii. Seta ikakataa. Hita ikaiuliza geta, geta ikasema thelathini na sita nukta moja, hita ikaendelea kuwaka, mtoto akazidi kupanda, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyokuwa mbali na namba ya zamani, na kadiri alivyokuwa mbali ndivyo seta ilivyozidi kuamini kwamba waya unasema uongo. Kengele nayo ilikuwa inaisikiliza geta hiyohiyo. Kutwa nzima ukweli ulibisha hodi ukarudishwa, na hakuna aliyeambiwa kwamba umerudishwa.

Mtoto alifariki jioni. Alikuwa wa kike, hata jina walikuwa hawajampa.

Nesi amesimamishwa kazi na anahojiwa na baraza la wauguzi, na watu wanasema akitoka pale anapelekwa mahakamani. Kwenye kikao cha kwanza daktari alieleza kwamba siku ile kila alipopita alimuuliza nesi joto la yule mtoto, na kila alipopita alijibiwa namba moja, na hakuna mtoto mwenye pumzi anayekaa kwenye namba moja kutwa nzima, kwa hiyo huyu alikuwa hapimi, alikuwa anatunga. Nesi akalia, akasema, "Nilisoma kioo cha mashine. Wallahi nilikuwa nasoma kioo." Halafu akasimama mama wa mtoto, blauzi yake imelowa maziwa kifuani na hana habari nayo, akasema aliingiza mkono akamgusa mwanawe akamwona anachemka, akamwambia nesi, nesi akamjibu, "Mama, mashine inasema yuko sawa, na mashine haichoki kama sisi." Pale watu wote waligeuka wakamwangalia nesi, nami niliangalia viatu vyangu.

Nilikuwepo kwa sababu bosi alinibeba kama mtaalamu. Kabla ya kikao mashine ilikuwa imeshaletwa kwetu, akanipa niikague, nikaona kila namba iliyotumwa na waya siku ile na kila moja ilivyokataliwa. Nilikwenda ofisini kwake nikamwonyesha.

"Nani mwingine anajua?" akaniuliza.

"Mimi na wewe."

"Na mumeo?"

"Hajui, bado yuko likizo ya ugonjwa."

"Basi abaki hajui. Sikiliza dada yangu, andika marekebisho uyaweke tayari. Kikao kikiisha tutayasambaza hospitali zote kama maboresho ya kawaida. Tukisambaza wiki hii, hata mtoto wa chekechea atauliza kwa nini wiki hii."

Marekebisho nimeshayaandika, ni mistari michache tu, yanasubiri kikao kiishe. Na kikao kijacho nitakayesimama ni mimi, na nimeshaambiwa nitaulizwa kama mashine ni nzima, na bosi anataka nijibu ndiyo halafu nikae.

Sasa Shangazi, barua hii ingekuwa imeishia hapo ungeniambia sema ukweli mwanangu, lakini hujasikia habari za mume wangu. Mwaka jana aliugua, si ugonjwa wa kukohoa, ni ule wa moyo kuzima. Aliacha kula, aliacha kuoga, mwisho akafika mahali pa kusema waziwazi kwamba hataki kuendelea kuishi, na shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alihamia kwetu akalala naye chumba kimoja mpaka dawa ziliposhika. Sasa hivi ndiyo kwanza ameanza kucheka. Anapika, anamwagilia maua, anasema mwezi ujao atarudi kazini. Kila nikirudi ananiuliza, "Kazini vipi?" nasema salama, "Mashine zangu je?" nasema hazijambo, naye ananipakulia chakula. Na juzi habari ya yule nesi ilitangazwa redioni, hawakutaja mashine, mume wangu akapiga meza akasema, "Mtu anakaa anatunga namba mtoto wa watu anaungua! Wamfunge huyo, wafunge na aliyemwajiri!" Nikasema nakwenda kuanua nguo, na kambani hapakuwa na nguo.

Nikisema, nesi anapona na mume wangu nampoteza, namfahamu, hataweza kuishi na hili. Nikinyamaza, mume wangu anapona na nesi wa watu anafungwa kwa kosa ambalo si lake, na mimi ndiye nitakayelala kitanda kimoja na siri hii mpaka nizeeke. Niambie Shangazi, nimuue nani?

Ni mimi, Mwenye Ulimi Mzito

*

Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu. Kwanza zima jiko, utatuchomea nyumba.

Kompyuta mimi naijua kwa kuandikia safu hii tu, lakini umeeleza vizuri na nimekuelewa. Nimekusoma mara mbili, mara ya pili nikalazimika kutembea kidogo barazani. Pole. Pole ya kweli. Uliobeba si mzigo wa mtu mmoja, na aliyekutwika anakula keki ofisini.

Pole imeisha, sasa tusemane.

Unamlalamikia yule bawabu wa mumeo, kwamba aliletewa habari nzito akaiona haiwezekani, akairudisha kimyakimya, akaendelea kuwaonyesha watu namba ya jana. Haya, niambie wewe nyumbani kwako unafanya nini. Mumeo anauliza kazini vipi, unampa salama ya mwezi uliopita. Anauliza mashine zake, unampa hazijambo. Kila ukweli unaomhusu ukifika mlangoni unaupima wewe, unasema huu ni mkubwa mno kwake, unaurudisha. Na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ukweli unavyozidi kuwa mbali na ile salama yako, na ndivyo unavyozidi kuwa na uhakika kwamba hataumudu. Mwanangu, kosa la mumeo aliliandika bila kujua. Wewe lako unaliandika upya kila jioni mezani, na unajua.

Usiniambie unamlinda. Utamlinda mpaka lini? Anarudi kazini mwezi ujao, umeandika mwenyewe. Atakaa kwenye ile meza inayotazamana na yako, atafungua seta yake, atakuta mistari michache ambayo si mwandiko wake, na huyo mtu umesema alikuwa anaihubiri kazi yake mpaka kwenye kabati. Unadhani itamchukua muda gani? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kimeshatokea. Atajua. Kilichobaki ni kama atajua akiwa na wewe, kaka yake na daktari wake, au atajua peke yake ofisini, kisha aje ajue la pili, kwamba mkewe alimtazama akimlaani yule nesi na akaenda kuanua nguo ambazo hazipo. La kwanza linaumiza. Hilo la pili ndilo ninaloliogopa.

Na maneno yake ya redioni usiyabebe sana. Mkuki kwa nguruwe, sote tuko hivyo. Aliongea kama baba wa watoto wa watu, na ndani ya hasira ile kuna jambo jema: bado anajali kama mtoto wa mtu anaungua. Mtu aliyezima hapigi meza.

Kuhusu nesi, sitamfanya malaika. Mama mzazi alimwambia mtoto anachemka, na mkono wa mama ni kipimo tangu kabla hatujajua kusoma. Angemgusa mtoto. Hilo atajibu, na naamini analijibu kila akifumba macho. Lakini hakutunga. Amesimama mbele ya watu anaitwa mwongo kwa kosa la kusema alichokiona, na duniani mnaojua hivyo ni wewe na bosi wako. Na yule mama aliyelowa maziwa naye umemsahau. Anaamini mwanawe aliuawa na mwanamke mvivu. Hata chuki yake mmeielekeza kwa mtu ambaye siye.

Umeniuliza umuue nani. Swali baya hilo, sitalijibu. Fanya hivi.

Leo, siyo kesho, mpigie shemeji yako, umwambie yote. Kisha mpigie daktari aliyemtibu mumeo, mweleze kwamba kuna habari nzito anatakiwa kuipata, muulize aisikie vipi na wapi, na umfuate anavyokwambia. Mumeo aambiwe mchana, akiwa amekula, kaka yake akiwa amekaa pale, na kaka huyo ahamie tena kwenu na asiondoke mpaka daktari aseme aondoke. Usimwache peke yake hata kwenda dukani. Akianza tena maneno ya mwaka jana, hakuna kusubiri kuche, mpelekeni hospitali palepale. Na ukimwambia, mwambie kama mtu wa kazi mwenzake: sharti uliloliweka lilikuwa na maana, lilikosa kupiga kelele linapokataa, sote tulilisoma tukalisifu. Usimwongezee wala usimpunguzie. Muulize anataka kufanya nini. Huenda akataka kusimama mwenyewe mbele ya baraza, na ukimzuia hapo utakuwa unanikera.

Nakala ya ulichokiona ndani ya mashine uwe nayo wewe, isiwe kwenye droo ya bosi. Mtafute anayemtetea yule nesi umkabidhi kabla ya kikao, na utafute wa kukutetea wewe pia, maana kazi utafukuzwa. Utafukuzwa, nisikudanganye. Huko barazani ukiulizwa kama mashine ni nzima, sema si nzima, eleza, kisha geuka umwangalie yule mama. Viatu vyako umeviangalia vya kutosha.

Ningeweza kuishia hapa, na ningekuwa nimefanya kama wewe. Kuna mstari mmoja kwenye barua yako ambao umepita juu yake upesi kama mtu anayeruka dimbwi. Umesema marekebisho yako tayari na yanasubiri kikao kiishe ndipo yaende hospitali zote. Hospitali zote, mwanangu. Umenieleza habari za mume, za nesi, za bosi, umeniuliza yupi umuue kati ya watu wazima, na wakati unaandika, mashine zile zimewashwa. Wodi ngapi sijui. Nepi zinabadilishwa kila siku, waya unabanduka kila siku, nesi anaitwa kitanda cha pili kila siku.

Barua yako ilinifikia Jumatatu na gazeti hutoka Jumamosi. Sikusubiri. Nilipiga ile namba ya simu uliyoandika nyuma ya bahasha, Jumatatu, Jumanne, na leo asubuhi kabla ya kuandika haya, inaita mpaka inakatika. Hospitali hukuitaja wala kampuni, ungeitaja ningekuwa nimeshafika mlangoni kwao na kanga yangu. Mhariri amenionya kwamba jibu hili linaweza kutupeleka mahakamani, nikamwambia watanikuta nimeshajiandaa. Hayo mambo ya mumeo nimekupa siku moja uyapange. Hili la mashine sikupi hata hiyo siku moja. Ukimaliza kusoma sentensi hii, simama, sambaza hayo marekebisho, na kama bosi amefunga njia ya kusambaza, piga simu wodi moja baada ya nyingine uwaambie wasiiamini ile namba.

Na kwako wewe msomaji mwingine, uliyefungua ukurasa huu kutafuta vichekesho vya wachumba, kama una mtoto aliyelazwa kwenye mashine ya joto leo, iwe ya kampuni yoyote, weka gazeti chini uende wodini. Mwombe nesi ampime mtoto kwapani kwa kipimajoto cha mkononi, wewe ukiwa umesimama hapo. Akinuna, mwache anune. Apime.